Damu ya Kitanda cha Juu

Jumapili, 3 Agosti
Bwenini

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, begi limefika salama, ila ile chupa ya mafuta uliyoifunga kwa nailoni tatu imemwagikia sketi yote. Kwa hiyo usihangaike kuniota vibaya, baya lenyewe limeshatokea.

Dereva wa lori la kokoto alinishusha getini kabisa. Anasema kila Jumatano na Jumapili analeta mzigo kwenye jengo linalojengwa nyuma ya hospitali, basi barua zangu nitampa yeye na zako atanipa yeye. Simu zetu zimefungiwa kabatini kwa matroni mpaka mafunzo yaishe. Hata nisingenyang'anywa, huko machimboni ungeipokelea wapi, juu ya paa?

Vijana wote tuliopo hapa tumetoka kwenye makambi na machimbo ambako hajawahi kutoka hata muuguzi mmoja. Mkuu wa mafunzo alisema wametuchagua kwa sababu hiyo hasa. Watatuzungusha maabara, wodini na kwa watafiti wanaotafuta dawa, tuone kazi zilivyo. Mwisho wa mwezi, watakaofanya vizuri watapewa nafasi ya kusoma sayansi hapahapa, mpaka chuo. Mama, mpaka chuo! Nilipiga makofi.

Naogopa, nikuambie ukweli. Sakafu zinang'aa mpaka najiona chini ninavyotembea kama mwizi. Nikipita wodi ya wanaume nageuza uso pembeni, nahisi nitamwona baba amekaa kitandani, aniulize mbona hatukurudi kumchukua.

Kitanda cha juu yangu analala msichana mrefu, mwembamba, miguu inatokeza nje. Tunamwita Ngongoti, kama wale wanaocheza ngoma juu ya miti mirefu. Ananicheka siku nzima lakini usiku akinisikia najigeuzageuza ananiuliza, "We, umelala?" Nikisema ndiyo, anasema, "Haya, usingizi huo unaongea."

Maabara tunafundishwa na mama mmoja tunayemwita Bi Hadubini, kwa sababu anakujibu jicho likiwa kwenye hadubini yake. Alhamisi kila mmoja atajitoboa kidole, apake tone la damu kwenye kioo chembamba wanachokiita slaidi, aandike namba yake, na yeye atazisoma zote. Mimi ni namba kumi na moja. Alituambia, "Humu ukivunja nitakusamehe, ukimwaga nitakufundisha tena. Lakini ukiandika namba yako kwenye damu isiyo yako, unafunga begi."

Mama, unanijua. Mimi nikiona kuku anachinjwa naomba kiti. Niombee.

Mwanao,
Chiriku


Jumatano, 6 Agosti
Machimboni

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi, mara ya mwisho kwa sauti, maana Mama Jirani alikuwa amesimama dirishani akijifanya anatafuta kuku.

Mimi sikutaka uende, unajua. Nilikubali kwa sababu mwalimu wako mkuu alikuja hapa na viatu vyake vizuri akakaa juu ya mawe yangu, nikaona haya kumkatalia. Baba yako alipoingia hospitali alikuwa anatembea. Kila asubuhi walikuja na sindano, wakatoa, wakatoa. Nikiuliza, wananiambia, "Mama, subiri nje." Nilisubiri nje mpaka wakanipa nguo zake. Tangu siku hiyo geti la hospitali sijalivuka, hata jino likiuma.

Sasa unaniambia na wewe utajitoboa. Tone moja, sawa. Wakitaka la pili waulize la nini. Wakinuna, panda lori.

Lakini ukiweza kujikaza, jikaze. Jana kipande cha jiwe kilimruka mtoto wa Fundi Nyundo jichoni. Umri wake ni wako. Sitaki urudi kwenye mawe haya, Chiriku. Naogopa huko uliko, na hapa ninakokuita nyumbani nako napaogopa. Sijui nikuombee nini.

Msalimie huyo Ngongoti. Ale, atavunjika.

Mama yako


Jumapili, 10 Agosti
Bwenini

Mama,

Shikamoo. Imekwisha! Slaidi yangu ilikuwa nzuri kuliko zote. Bi Hadubini aliiinua kwenye mwanga, akasema, "Namba kumi na moja, una mkono." Tembea machimbo yote uwaambie.

Ngongoti, masikini, yake iliharibika. Aliisahau kwenye rangi tunayolowekea slaidi kabla ya kusomwa, mpaka ikawa nyeusi tii, ikatupwa. Ataambiwa arudie siku nyingine. Hakujali hata kidogo, alicheka tu.

Tumemfuata muuguzi wodini akibadilisha vidonda, nikasimama mpaka mwisho bila kuomba kiti. Tumeingia kwa watafiti pia. Mmoja anafuga mbu kwenye kasha la neti na anawaita wanangu. Nimempenda. Nimeanza kujiona nimevaa koti jeupe, Mama, limenikaa kabisa.

Kidole changu hakiumi. Usiniulize sana kuhusu kidole.

Bi Hadubini ameniambia nimwone kesho asubuhi. Labda ni kuhusu huo mkono.

Mwanao,
Chiriku


Jumatano, 13 Agosti
Bwenini

Mama,

Naandika haraka, dereva anapiga honi.

Haikuwa kuhusu mkono. Bi Hadubini alifunga mlango, akaniuliza kama nachoka sana, kama fizi zinatoka damu, kama napata mavilio ya damu chini ya ngozi yasiyo na sababu. Nikasema hapana. Akaniangalia usoni, bila hadubini, na Mama, hilo ndilo lililonitisha. Alisema kwenye slaidi yangu chembe nyeupe ni nyingi mno na zimekaa vibaya. Alisema damu ya namna ile haisubiri. Wamenitoa nyingine mkononi, bomba zima, majibu Ijumaa.

Mimi siumwi. Najua siumwi. Usiniulize nimejuaje. Hofu yangu si hiyo.

Usije. Usimwambie mtu.

Chiriku


Jumapili, 17 Agosti
Machimboni

Mwanangu, mwanangu,

Sijalala tangu Jumatano. Bomba zima! Nilikuambia nini? Hivihivi walianza kwa baba yako. Kwanza walimwambia ana mkono mzuri? Hapana, walimwambia ana moyo mzuri. Wanakusifu kwanza.

Unasema huumwi na unajua. Baba yako naye alisema anajua.

Panda lori leo. Acha nguo, acha kila kitu. Mawe yapo, tutaponda wote wawili, bora nikuone. Dereva nimemwambia akusubiri getini. Usipokuja nitakufuata mwenyewe, nami nikifika hapo getini nitaanguka, watanibeba na mimi.

Mama yako


Jumapili, 17 Agosti, mchana
Bwenini

Mama,

Nimesoma barua yako getini, nimemrudisha dereva na karatasi hii. Kaa chini kabla hujaisoma.

Majibu yametoka. Mimi ni mzima. Damu yangu ni safi.

Bi Hadubini alisimama mbele ya darasa, maana uvumi ulikuwa umeshaenea, akasema, "Namba kumi na moja hana tatizo lolote. Kosa ni langu." Wote wakapiga makofi. Aliyepiga kuliko wote ni Ngongoti, alinikumbatia akalia, bega langu likalowa. Baadaye Bi Hadubini aliniita pembeni akaniomba radhi. Anadhani alichanganya na slaidi ya mgonjwa wa wodini. Wameanza kupekua majina ya wagonjwa mmoja mmoja. Mama mzima yule ananiomba radhi, nami nimesimama namwangalia viatu.

Hakuchanganya, Mama. Slaidi ilikuwa yangu, damu haikuwa yangu.

Alhamisi ile nilishika sindano, ikaniponyoka ikaanguka. Masikio yalivuma. Niliona nitazimia mbele ya wote, na anayezimia kwa tone moja nani atampa nafasi ya chuo? Ngongoti alikuwa karibu yangu, ameshajitoboa, kidole bado kinavuja. Akaninong'oneza, "Leta kioo chako. Mimi ninayo ya kugawa." Akadondosha tone. Mimi nikapaka, nikaandika kumi na moja. Bi Hadubini alikuwa amewapa mgongo watu wote. Nilidhani damu ni damu tu.

Kile kidole kiliendelea kuvuja mpaka saa ya chakula. Tulicheka! Alikiviringishia karatasi akasema yeye ni bomba bovu.

Sasa sicheki. Usiku nalala nikiangalia godoro lake kwa chini. Anapanda ngazi na kupumzika katikati. Asubuhi mswaki wake una wekundu. Ana mavilio ya damu mapajani, anasema amejigonga kwenye kitanda. Nani anajigonga huko? Kila mtu anafurahi kwamba hakuna mgonjwa, na mgonjwa yuko juu ya kichwa changu anakoroma.

Nikisema, nafunga begi, na begi langu linarudi machimboni milele. Nisiposema, sitaki hata kuandika.

Nifanye nini, Mama? Nijibu upesi.

Chiriku


Jumatano, 20 Agosti
Machimboni

Chiriku,

Nimemshukuru Mungu mpaka magoti yamechubuka. Wewe ni mzima. Neno hilo nimelishika, mengine sitaki kuyashika.

Sasa nisikilize, mimi ndiye niliyekuzaa. Nyamaza.

Huyo msichana ana kwao. Ana mama au baba, ana macho, ana fizi zake anaziona. Mwambie arudie slaidi yake, si ulisema ataambiwa arudie? Watamwona wenyewe. Wewe una haja gani ya kujitia kitanzi? Umebakiza wiki moja. Ukifukuzwa nani atakuchagua tena kutoka huku? Hawarudi mara mbili. Mtoto wa Fundi Nyundo jicho limeshapotea, jana alirudi kuponda na kitambaa usoni.

Mimi si mtu mbaya. Nalia naandika. Lakini nikiambiwa nichague kati ya mtoto nisiyemjua na wewe, sitachukua hata muda wa kukohoa.

Nyamaza, mama. Wiki moja tu.

Mama yako


Jumatano, 20 Agosti, mchana
Bwenini

Mama,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeshasema. Nilisema jana.

Kwanza nilijaribu njia hiyohiyo uliyoiwaza. Jumatatu nilimwambia Ngongoti, "Twende ukarudie slaidi yako, nitakushikia kioo." Alicheka. Nikamwambia, "Nina wasiwasi na damu yako." Akanuna, akasema, "Damu yangu imeshasomwa, shoga, na wewe ulikuwepo." Sikumwelewa. Nikamshika mkono, akauchomoa, akasema nikiendelea atahama chumba. Pale niliposhika palibaki alama za vidole vyangu vitano. Aliteremsha mkono wa shati.

Jana tulikuwa kwa watafiti. Yule wa mbu anatuonyesha jambo, Ngongoti akainama aone, damu ikamtoka puani, tap, tap, juu ya meza. Aliibana, haikukoma. Alibana na kuniangalia, Mama, na macho yake hayakuwa ya mtu anayecheka.

Sikufikiri chuo. Sikufikiri mawe. Nilikimbia korido nzima mpaka kwa Bi Hadubini nikasema yote kwa pumzi moja. Nilingoja anifokee. Aliinua jicho kutoka kwenye hadubini, akavua glovu, akakimbia. Sijawahi kuona mtu mzima anakimbia hospitalini.

Ngongoti yuko wodini. Ni saratani ya damu. Wanasema imewahiwa, halafu wanasema tusubiri. Hayo mawili yanakaaje pamoja, sijui. Hataki kuniona. Nimeenda mara mbili, muuguzi akatoka na kusema amelala, nami nilimwona amefungua macho.

Kikao changu ni Ijumaa. Mkuu wa mafunzo ameniambia kwa upole, na upole wake ndio umenikatisha tamaa: "Kwa watafiti hilo ndilo kosa moja tusiloweza kulifumbia macho." Nitakuja Jumapili na lori.

Sina hasira na ulichoandika. Ila nilipokisoma nilifurahi kwamba nilikuwa nimeshasema. Ningekutii, Mama. Hilo linaniogopesha kuliko yote.

Mwanao,
Chiriku


Jumanne, 26 Agosti
Wodini

Mama yake Chiriku,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ndiye Ngongoti, uliyesema nile nisije nikavunjika. Mwanao alinisomea, nikacheka sana, halafu nikala.

Nakuandikia wewe kwa sababu yeye nikimwandikia sitajua nianzie wapi. Kikao kilimfukuza, ameondoka Jumapili bila kuniaga, kwa kuwa nilijifanya nimelala. Anaamini yeye ndiye aliyeificha damu yangu. Si hivyo, na nataka uwe wa kwanza kujua.

Dada yangu alianza kuchoka hivihivi. Mavilio hivihivi, fizi hivihivi. Baba alisema ni mvivu, halafu akasema amerogwa, halafu akasema hospitali wanaua. Alikuwa analia akisema hivyo, usimwone mkatili. Dada alifia mkekani. Mimi mwaka huu nilipoona vilio la damu la kwanza mguuni nilivaa soksi ndefu.

Ile Alhamisi nilijitoboa nikaogopa jibu. Slaidi yangu sikuisahau kwenye rangi. Niliiacha makusudi iharibike. Halafu mwanao sindano ikamwanguka, nikaona njia. Nikasema moyoni, waache waisome damu yangu bila kujua ni yangu. Ikiwa nzuri nitajua mimi peke yangu. Ikiwa mbaya sikufikiri nitafanya nini.

Hakuniambia kwamba alitolewa damu nyingine. Mimi nilisikia tu namba kumi na moja hana tatizo lolote. Namba kumi na moja ilikuwa mimi! Nililia begani kwake kwa furaha, nikaona nimepona kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Siku zile zote alizokuwa ananitazama kwa hofu, mimi nilikuwa nachagua koti langu jeupe.

Haya yote nimemweleza mkuu wa mafunzo pia. Amesema atalirudisha jambo la Chiriku kwenye kikao. Hakuahidi kitu. Bi Hadubini ananiletea chai asubuhi, anakaa mpaka nimalize kikombe.

Jumatatu wananianzishia dawa. Wamenieleza zitakavyonifanya, nywele, matapishi, yote. Wamesema nina nafasi nzuri. Hawakusema nitapona.

Nyumbani nimeandika kwamba niko vizuri na mafunzo yameongezwa. Baba akijua atakuja kunichukua. Wauguzi wananiita jasiri kwa sababu nataniana nao. Mama, naogopa mpaka meno yanagongana. Nilihitaji kumwandikia mtu hilo neno.

Ngongoti


Jumapili, 31 Agosti
Machimboni

Mwanangu Ngongoti,

Marahaba. Anayekupa karatasi hii ni Chiriku mwenyewe. Kwenye lori palikuwa na nafasi moja, nimempa yeye. Usijifanye umelala.

Barua yako nilimsomea. Alilia, akatoka nje, akarudi, akaanza kupanga begi bila kuniuliza. Kama watampa nafasi yake au hawatampa, sijui. Hakwenda kwa ajili hiyo. Kesho wakikuwekea dawa atakuwa hapo kitandani, na akiona damu akaanguka, basi wamwokote wamrudishe kwenye kiti.

Nataka ujue jambo kutoka kwangu, usije ukalisikia pengine. Yeye aliponiuliza afanye nini, nilimwandikia anyamaze. Nilimwambia wewe una kwenu. Nililiandika nikiwa na akili zangu timamu, na nilikuwa naandika juu yako. Alisema kabla barua yangu haijafika, ndiyo maana wewe leo unasoma. Mimi sina cha kujisifia hapo.

Mwandikie baba yako ukweli. Najua atakuja amepandisha mashetani, atataka kukubeba mgongoni. Aje. Mimi natoka kwa lori la Jumatano, nitakaa naye pale nje wanakotuambia tusubiri. Mume wangu alinitoka nikiwa nimekaa pale nje, kwa hiyo atakalosema nitalijua kabla hajalisema.

Sitamwambia asiogope. Nitamwambia asikuondoe.

Mama yako,
Mama yake Chiriku